Zamu Mbili kwa Mkupuo

Rashidiya, Dubai
Jumatatu, wiki ya pili baada ya Idd el-Haj

Mama yangu,

Shikamoo. Goti la kushoto linasemaje? Umeanza kuswali kwenye kiti kama daktari alivyotaka, au bado unabishana naye? Mimi ni mzima. Gazetini kazi zinaendelea. Wiki hii nimeandika habari za maghala mapya. Joto limeshaingia, na maji ya bomba la baridi ndiyo yanayounguza zaidi, maana tangi lake liko juani juu ya paa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyajue wewe kwanza. Barua ameibeba Mwanaisha, binti wa Muheza anayefanya kazi za nyumbani kwa madam mmoja huko Mirdif. Anakuja likizo. Mpe chai, ila usimhoji. Hajui kitu.

Nimekosea jambo, na linahusu nyumba ya marehemu Baba.

Unakumbuka Baba Mdogo Hemedi alisema tusipommalizia fedha za sehemu yake ya nyumba waliyorithi pamoja na Baba kabla ya mwezi wa nane kwisha, atamuuzia yule mtu wa gesti. Nilipoanza kukutumia fedha kila mwezi uliniuliza zinatoka wapi, nikajibu, "Ni mpango wa benki." Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Nilikuwa na deni la kadi, la tangu nilipohamia chumba hiki nikanunua kitanda na jokofu na kulipa kodi ya mwanzo. Kila mwezi nililipa dirham elfu mbili, na zaidi ya mia tano kati ya hizo zilikuwa riba tupu. Benki nyingine ikanipa kadi mpya: inalichukua lile deni, inakata ada yake mara moja mwanzoni, kisha mwaka mzima haitozi riba. Sharti lake ni kulipa kila mwezi kiwango cha chini walichokipanga, kwangu kama mia tisa. Elfu moja na mia moja zikabaki mkononi, nazo ndizo ulizokuwa ukipokea. Deni halikufutwa, Mama. Lilihama tu.

Niliposoma masharti yao nilicheka peke yangu, kwa sababu niliona upatu wako. Alhamisi baada ya alasiri, barazani, wanawake kumi na wawili juu ya mkeka, kahawa ya tangawizi, na wewe kijumbe wao na kopo la maziwa ya unga la kukusanyia fedha kati ya miguu. Mwenye shida alibadilishana zamu na asiye na shida, na hakuna aliyemtoza mwenzake kitu. Mimi nilishika daftari kwa sababu hati yangu ilisomeka. Siku moja Bi Rukia alisema, "Elfu mbili nitaleta kesho, mwanangu, wewe niandike kabisa." Ukaninyang'anya kalamu.

"Andika alichotoa," ukaniambia. "Usiandike alichosema atatoa."

"Kijumbe gani huyu, ana roho ya polisi!" akasema Bi Rukia, na baraza zima likacheka.

Miaka ishirini nimeandika habari, na hakuna mhariri aliyenifundisha jambo kubwa kuliko hilo. Hapa Alhamisi jioni watu hutoka kazini wakiwahi mapumziko ya Ijumaa. Mimi kila ikifika alasiri ya siku hiyo huhisi kuna mahali ninapongojwa na daftari.

Sasa kosa. Kumi la mwisho la Ramadhani nilikwenda umra. Hupendi mtu aende safari ile na deni shingoni, hata mimi sipendi. Kabla ya kuondoka nikalipa miezi miwili kwa mkupuo, kama Bi Rukia alipokwenda Pangani kumwoza binti yake: alifungua pindo la kanga, akatoa zamu mbili, ukaniambia niandike "tayari" mara mbili. Nikaondoka na moyo mweupe. Mwezi uliofuata sikulipa kitu, kwa kuwa nilijua nimeshalipa.

Kisha ukaja ujumbe kwamba nimechelewa, nina faini, na riba imerudi juu ya deni lote lililobaki. Nikaenda benki. Dawatini alikaa Mkenya mmoja, Wambui. Aliposikia Kiswahili changu aliweka Kiingereza pembeni.

"Nililipa mara mbili," nikamwambia. "Risiti hii hapa."

"Naiona, dada. Lakini zote zimeingia mwezi ule mmoja. Huu mwingine sistimu inaona sufuri."

"Basi iambieni kwamba nililipa mapema."

"Ataiambia nani? Hii si chama cha kuchangiana, dada yangu. Hakuna mama wa daftari hapa." Akashusha sauti. "Hata mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Na yule mlinzi Mganda pale mlangoni, muulize. Sisi wote tunadhani ukilipa mbele umelipa."

Akanijazia fomu ya kuomba msamaha. Siku ya tatu likaja jibu: hapana. Khalas, yamekwisha.

Sina wa kumlaumu. Karatasi ilisema "kila mwezi". Niliisoma, mimi ninayelipwa kusoma karatasi za watu, nikaielewa kwa akili ya barazani kwetu.

Zilibaki njia mbili. Ama nisimamishe fedha za Tanga nilipe benki, na mtu wa gesti aingie. Ama nichukue mshahara wa likizo na tiketi yangu ya kuja nyumbani, ambayo kampuni inakubali kuitoa kwa fedha taslimu, nilipunguze deni mara moja. Nimeshika ya pili. Deni lililobaki mshahara wangu unaliweza. Fungu la mwisho la Baba Mdogo nimelituma jana kwa Kaka Omari. Amkabidhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na Baba Mdogo atie saini hapo hapo kabla hajaanza hadithi zake.

Nyumba itabaki yetu. Mimi mwaka huu siji.

Nisalimie Dada Saumu, mkubwa wetu, na shemeji yangu fundi cherehani. Shangazi Mwanahawa mpe mkono wangu. Jirani yako Bi Rukia mwambie safari yake ya Pangani imenila tiketi ya ndege. Atacheka, kisha atalia, umkalie karibu.

Chumba changu cha uani usikipangishe. Zamu yangu ya kuja nimebadilishana na nyumba yenyewe. Najua utataka kuwaambia watu kwamba nimesema nitakuja mwakani. Usiliandike hilo, Mama. Andika nikishafika.

Mwanao, mshika daftari wako,
Zuhura