Migomba ya Mlima Kamuli

Jumatano, Aprili 1987

Masaa matano! Tulikwama kwenye tope la Kamuli, malori saba nyuma yetu, mama hoi juu ya magunia ya kahawa. Zile honi nusura zinitie wazimu.

Dereva akaingia shambani na panga, akate migomba ya kutandika chini ya matairi. Bibi mwenye shamba akamzuia.

"Hapo amelala mwanangu."

Nikapiga magoti. "Shikamoo bibi. Mama yangu anatutoka."

Akanitazama. Akamnyang'anya dereva panga, akaikata migomba mwenyewe.

Lori lilipochomoka, dereva hakuthubutu kusimama mlimani. Hata asante sikusema.

Mama amepata kitanda hospitali, ila hajafumbua macho. Tukirudi tutapita palepale. Lile kaburi sasa linaonekana toka barabarani.