Ua la Kwenye Beseni

Iringa, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Baba, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila asubuhi za huku zina baridi mpaka tunanawa uso kwa vidole viwili. Sweta ulilonifumia bado linanitosha.

Jumapili, siku pekee tunayopewa simu ya matroni, nilitaka kukuambia jambo nikashindwa. Wenzangu walikuwa kwenye foleni nyuma yangu, na wewe ulikuwa na furaha, unanieleza kwamba ua nililokuletea likizo ya Juni limezaa, limechanua zambarau, na Mama Rehema umemmegea kipande. Ukacheka kwamba mimi kitindamimba nimepata mdogo. Nikaishia kusema nzuri, nzuri.

Mama, lile ni gugumaji.

Tumelisoma wiki iliyopita kwenye biolojia, mada ya viumbe vamizi, yaani mimea na wanyama waliotolewa kwao wakapelekwa mahali pasipo na cha kuwazuia. Mwalimu alipobandika picha ubaoni, Zawadi ninayekaa naye dawati moja akaninong'oneza, "Atu, si lile tulilonunua stendi?" Nikainamia daftari. Kipindi kilipoisha nikamfuata mwalimu nje, nikamweleza.

"Kwa hiyo mama analilea?"

"Ndiyo, mwalimu. Analiita mdogo wangu."

Alicheka kidogo, kisha akauliza maji ya beseni unayamwaga wapi. Nikamwambia ukweli, maana nakujua, hupotezi maji hata kikombe. Unayarudisha mferejini yaende kwenye bustani.

Akasema kichipukizi kimoja kinatosha. Likiwa kwenye beseni bado ni letu, likifika mferejini ni la bonde zima la Usangu. Linatanda juu ya maji, samaki wanakosa hewa, na mfereji unaziba wakati mpunga unataka maji.

Nilitamani kukuomba unisubiri nije niling'oe mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyelileta. Lakini halisubiri likizo. Naomba ulitoe leo na mizizi yake yote, ulianike juu ya bati mpaka likauke kabisa, ndipo ulichome. Maji na tope la chini mwagia shina la mpapai, mbali na mfereji. Baba naye apite ukingoni kuanzia kwetu kushuka mpaka shamba la mwisho. Akiona hata jani moja alitoe, na amwambie mwenyekiti wa mfereji ili na wengine waangalie kwao.

Kwa Mama Rehema ndiko kugumu. Umempa kwa upendo, na sasa unaenda kumnyang'anya. Msomee barua hii. Mwambie aliyekosea ni Atu, na Desemba nitaanzia kwake kumwamkia kabla sijafika nyumbani. Ninavyoona aibu unajua, lakini nitaenda.

Nisalimie Baba, na Bibi ambaye toka mwanzo alisema ua lisilotaka udongo halimpendezi. Mjomba wa dukani mwambie ahsante kwa kukufikishia barua hii. Mwalimu wa hisabati anaenda Chimala, ataiacha kwake.

Beseni likikauka, oshea mchele kama zamani. Ukiliona tupu usihuzunike, Mama. Mdogo sina. Nipo mimi, kitindamimba wako, na ninarudi.

Mwanao,
Atupele