Matundu Manne Chini ya Debe

Nyumba za Wafanyakazi, Nyansiongo,
S.L.P. 62,
Kisii.

Alhamisi, 24 Agosti 1967

Mpendwa dada Nyanchera,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe na wa nyumbani? Shemeji Mwakio anaendeleaje na ule mgongo uliomsumbua tangu ahamishiwe kwenye reli ya upande wa Voi? Na mtoto je, ananyonya, analala, anawaacha mlale? Mimi ni mzima wa mwili. Kikohozi nilichotoka nacho matangani kiliisha mwezi uliopita. Mahindi ya huku bado ni mabichi na ng'ombe wa majirani wanakamuliwa vizuri.

Barua yako ya tarehe tisa niliipata wiki iliyopita. Nimeisoma mara nyingi, nikaikunja, nikaifungua tena. Nakujibu kwa Kiswahili ili shemeji aisome mwenyewe bila kusomewa, maana yaliyomo yanamhusu binti yake.

Unasema ungependa mtoto aitwe Bonareri, jina la mama, na kwamba mchungaji wenu atamwombea kanisani Sabato ya pili ya Septemba. Unasema pia kwamba Shangazi Esnah amekutumia neno la kukuzuia. Ameambia watu kwamba mkono wa mama ulikufa kabla ya mama mwenyewe, kwamba kila alichopanda mwisho wa maisha yake kilioza, na kwamba jina la mtu aliyeondoka hivyo lisipewe mtoto upesi. Unajua wazee wetu walivyo. Kabla ya kumpa mtoto jina la marehemu huuliza kwanza aliishi vipi na aliondokaje. Nawe unaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye. "Niambie uliyoyaona, Mogire," umeandika. "Usinifiche."

Dada, nitakuambia. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mama alikuja kwangu Januari, baada ya miguu kumvimba na daktari kusema moyo wake umechoka. Alimkataza kupanda kilima cha Nyacheki na alimkataza jembe. La kilima alilikubali. La jembe alilichukua kama mtu aliyeambiwa asile tena. Siku za kwanza alikaa barazani kwangu, mikono mapajani, akitazama ua wa kokoto na saruji. Nyumba hizi ni za ofisi, na karatasi imebandikwa mlangoni mwa kila mmoja wetu: hakuna kuchimba wala kulima kuzunguka nyumba.

Jioni moja aliniambia, "Karatasi yenu inakataza ardhi. Haikatazi debe."

Nikaenda stoo kwa mzee Makori, ambaye ndiye mtunza stoo wa ofisi yetu. Nyuma ya stoo kulikuwa na madebe matupu ya mafuta ya taa, kila moja limeandikwa herufi za ofisi kwa rangi nyeupe. Nilipomwomba hakuinua hata macho. "Chukua, karani, chukua," alisema, akinipungia mkono kama anayefukuza nzi. Sikujua kama nimepewa au nimeazimwa, wala sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Nilichukua tisa.

Laiti ungeona alivyoyashughulikia! Aliniagiza niyachome ndani kwa moto wa majani makavu mpaka harufu ya mafuta ikaisha, kisha akayasugua kwa majivu. Nje akayapaka chokaa, na juu ya chokaa akachora mistari ya udongo mwekundu kwa kidole, mawimbi kama yale aliyokuwa akichora kwenye ukuta wa jikoni kwetu. Upande wenye herufi za ofisi nilimwomba asiupake. Niliugeuza ukutani. Alinitazama akacheka: "Mwanangu, hata debe unaliogopa?"

Udongo tuliutoa msituni, mweusi, tukauchanganya na samadi iliyokauka na mchanga kidogo wa mtoni. Maua mekundu aliyakata kwenye ua uliomea ovyo wa nyumba ya mzungu aliyehama. Kulikuwa na nyasi ndefu za kupeperuka, na ile mimea ya majani ya fedha inayotambaa. Katika madebe mawili ya karibu na mlango alitaka chinsaga, akisema nyumba isiyo na mboga hiyo ni hoteli. Alipanda ameketi kwenye kigoda, debe kati ya magoti, na alinifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Mrefu asimame katikati kama baba mwenye boma. Wanene wamzunguke. Wanaotambaa wakae ukingoni waangukie nje kama watoto wanaochungulia wageni. Madebe yasipangwe mstari mmoja kama askari. Mengine yapande juu ya matofali, mengine yabaki chini, ili kila moja lionekane na kila moja lipate jua.

Lakini kabla ya udongo kuingia kulikuwa na jambo moja, na hilo ndilo ninalokuandikia.

Alinipa msumari wa inchi nne na jiwe. "Toboa chini. Matundu manne kila debe. Maji yasipotoka, mzizi unazama."

Niliyachukua madebe nyuma ya nyumba. Nililipindua la kwanza, nikaweka msumari, nikainua jiwe. Nikaona herufi za ofisi. Dada, nina miezi kumi na minne tu kazini. Karani aliyekuwa hapa kabla yangu alifukuzwa kwa sababu ya turubai moja lililochanika. Niliwaza siku mzee Makori atakapoyadai madebe yake, nami nimrudishie vichujio. Nilikaa pale kwa muda mrefu, nikigonga jiwe kwenye jiwe, ili asikie mlio.

"Umetoboa?" aliniuliza.

"Nimetoboa, mama."

"Mangapi?"

"Manne. Kila moja."

Akafurahi. Aliyajaza madebe yote tisa bila kuyapindua, kwa kuwa alikuwa ameniuliza na mimi nilikuwa nimemjibu.

Mwanzoni yalipendeza mno. Watu waliotoka ofisini walisimama kutazama, na hata mkuu wetu alipopita alivua kofia akamsalimu mama. Jirani yangu Nyamoita, mke wa Ondieki dereva, akaja na karai lake kuukuu lililoliwa na kutu. Mama akamwelekeza kwa kidole tu, bila kugusa. Nyamoita akapanda mwenyewe maua yale yale katika udongo ule ule, akaliweka karai mwisho wa baraza letu.

Kisha mvua ya Machi ikaanza, na unajua mvua ya huku. Karai la Nyamoita lilivuja mpaka saruji ikawa na kijito. "Mama, langu ni mlevi!" alikuwa akisema. "Linakunywa, linakojoa, halishibi!" Mama alicheka mpaka akashika kifua. Halafu akatazama chini ya madebe yake. Pakavu.

"Mbona yangu hayatoi maji, Mogire?"

Nilimwambia kwamba kokoto nilizoweka chini ni nyingi, ndizo zinazoyashika. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huu nilikuwa nimeutayarisha. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na hakuweza kuinama. Asubuhi kabla ya kazi, yeye akiwa bado kitandani, nilikuwa nikiyainamisha madebe moja moja ili maji yamwagike. Ni mazito sana yakilowa. Mara mbili udongo uliporomoka pamoja na maua, nikaupanga tena kwa mikono, nikanawa, nikaenda ofisini.

Haikusaidia. Kufikia Pasaka majani yakawa ya manjano. Chinsaga ikalala. Mashina ya maua yakawa meusi na laini karibu na udongo, ukiyashika yanabaki mkononi. Mama alikata machipukizi mengine akapanda upya, nayo yakaoza. Karai la Nyamoita lilikuwa jekundu toka ukingo mpaka ukingo.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi kati ya madebe, ameunyosha mkono wa kulia mbele yake na anautazama kama kitu cha mtu mwingine. Wewe unaujua mkono ule. Nyacheki nzima walikuwa wakija kumwomba awachomekee mche wa kwanza wa chai ili shamba lishike.

"Udongo ni mmoja," alisema. "Maua ni mamoja. Mvua ni moja. Nyamoita amepanda, yameota. Mimi nimepanda, yameoza. Mkono huu umetangulia, Mogire. Nami sitachelewa kuufuata."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Niliwaza nitaanzaje, na kwamba atajua nilidanganya mara mbili, na kwamba atakasirika na moyo wake hauwezi hasira. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba nanyamaza kwa ajili ya moyo wake. Nikasema, "Mama, twende ndani, kuna baridi."

Hakupanda kitu tena. Wiki iliyofuata aliomba apelekwe nyumbani. Huko Nyacheki alimwambia Shangazi Esnah habari ya mkono wake, naye shangazi alimwamini, kwa nini asimwamini? Mama alilala tarehe mbili Juni, kama ulivyopata simu. Sisemi kwamba madebe yalimwua. Daktari alikwisha kutuambia. Lakini alikwenda akiamini kwamba kipaji chake kilimkimbia, na kwamba ardhi aliyoihudumia miaka hamsini ilimkataa. Hilo nilimfanyia mimi.

Siku ya mazishi niliandika historia yake kwa mwandiko wangu mzuri na nikaisoma mbele ya watu. Nilitaja kila kitu: kubatizwa kwake, watoto wake, chai yake. Shangazi alisimama baada yangu akaeleza habari ya mkono. Watu wakaguna. Karatasi ilikuwa bado mikononi mwangu na kalamu mfukoni. Nikakaa.

Niliporudi hapa niliyamwaga madebe. Chini palikuwa na tope jeusi linalonuka, na mizizi imeyeyuka ndani yake. Niliyaosha yote, nikayakausha, nikayapeleka stoo nikiwa nimetayarisha maneno ya shukrani. Mzee Makori aliyatazama, akanitazama mimi.

"Karani, unaniletea takataka? Haya niliyatupa kabla ya mvua ya mwaka juzi. Nilikuambia uchukue."

Nikamwambia niliogopa kuyatoboa.

"Kuyatoboa?" Alicheka, kisha alipouona uso wangu akaacha. Alijua nimefiwa. "Ungeniuliza, kijana wangu. Ningekupa na msumari."

Nikayabeba nikarudi nayo nyumbani. Tangu siku ile, dada, sentensi hiyo haiondoki kichwani. Nilisoma mpaka kidato cha nne kwa chai aliyoichuma mkono ule, na sikuwa na ujasiri wa kumwuliza mtunza stoo swali moja.

Basi hili ndilo jibu la barua yako. Mkono wa mama haukufa. Ulipanda vizuri mpaka siku ya mwisho, na mimi ndiye niliyeyazibia maji njia. Hakuna kilichomwacha, hakuna laana, hakuna cha kumwogopea mtoto. Mpe jina. Mwite Bonareri mbele ya mchungaji na mbele ya jamaa za shemeji, wala usilinong'one. Na kama siku moja atakuwa mzito wa kujifunza kitu chochote, isiwe kupanda.

Najua barua yako na yangu hazitoshi, maana aliyeambiwa ni Shangazi Esnah na walioguna ni watu wa Nyacheki. Sabato ya keshokutwa nitakwenda. Baada ya ibada jamaa hukaa nje ya kanisa, nami nitasimama niwaambie kama ninavyokuambia wewe. Unanijua, nikifika pale naweza kukaa tena kama siku ya mazishi. Ndiyo maana naandika kwanza, na barua hii nitaitia posta kesho asubuhi kabla ya basi. Ikishaondoka sitaweza kurudi nyuma, kwa sababu wewe utakuwa unajua, nawe utawauliza.

Kuhusu hasira yako, usinifichie. Niandikie yote. Nitayasoma.

Nisalimie shemeji Mwakio na umwambie anisamehe kwa kumwingiza katika jambo hili. Wasalimie mama mkwe na majirani walioketi nawe siku ulizolia mbali na nyumbani. Baba mdogo Zachariah anakusalimu. Ng'ombe wake amezaa jike. Nyamoita naye anakusalimu, ingawa hamjaonana. Jana alinikatia machipukizi kumi na nane kutoka kwenye karai lake, mawili kwa kila debe, na hakuniuliza kwa nini nilikuwa nagonga madebe jioni nzima kwa jiwe na msumari. Sijui kama yatashika. Mkono wangu haujulikani. Lakini asubuhi hii nimeyamwagilia, na maji yametoka chini kwenye saruji, yote tisa, kwa matundu manne kila moja, kama nilivyomwambia mama.

Mungu aliyempumzisha mama awalinde hapo mlipo, na amfunike Bonareri mdogo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyestahili kukuficha tena,

Joash Mogire