Siku ya Mizani

Katuba, Élisabethville, mwezi wa tano 1953

Mama mupenzi,

Kwa heshima yote nakujulisha, wewe na jamaa yote ya Pweto, jambo kubwa: nimepewa aproni. Iko nyeupe, iko na mufuko mbele, na ndani ya mufuko hamuna kitu. Uko muzima, Mama? Magoti je? Sisi tuko, Mungu anasaidia, ila usingizi njo umenikimbia.

Habari iko hivi. Siku ya mizani bamama banaleta batoto ku dispansari, na siye basichana ba paroisse, ba kanisa, tunasaidia bule: kuvua batoto nguo, kubalalisha mu mizani, kuimba ili basilie. Mwenye mutoto munono anapata sabuni. Mwenye mutoto wa kukonda anapata maneno mbele ya bote. Ma Sœur Laurentine, mutawa mwenye kuongoza dispansari, alisema atachagua mumoja wetu kwenda kusomea kazi ya kuzalisha. Tangu pale tunachekeana kwa meno tu. Victorine, mumoja wa siye basichana, asema mikono yangu iko ya kulima mihogo.

Hapa Donat, anayekusomea barua, ashushe sauti. Majirani batasikia.

Dada Annie alikuwa anashinda sabuni kila mara, juu ya mutoto wake Jeannot. Lakini nikienda kwake, Jeannot amelala siku zote, amefunikwa mpaka kichwa. Juma lililopita nikamuvua kofia ku mizani: haikuwa Jeannot, alikuwa mutoto wa Kunda, jirani ya Annie, namujua ku alama ya sikio. Annie akaniangalia, macho inaomba. Nikisema, dada yangu anachekwa na Katuba nzima. Nikinyamaza, mujukuu wako anaendelea kukauka mu blanketi.

Mama, nilisema.

Annie aliniuliza mbele ya bote kama aproni njo imenizaa. Ma Sœur akaenda naye ku nyumba, akamukuta Jeannot, mikono kama vijiti. Sasa iko mu hospitali, anakunywa maziwa, na jana alilia kwa nguvu; baganga banasema ni vizuri. Annie hanisemeshi. Niandikie kama na wewe umekasirika, nijue.

Salimia baba, na bote banaouliza habari yangu. Samaki ya kukausha, tuma mingi. Sababu iko hapa chini.

Mutoto wako,
Virginie

Nilisahau: Ma Sœur alinichagua mimi. Kiisha akanipandisha ku mizani. Shule inataka kilo makumi ine na tano. Niko na makumi tatu na tisa.