Chupa Niliyompelekea Daktari

Mwanangu Salumu,

Mama yako anakusalimu. Hapa Temeke hajazaliwa bado mtoto wa kufanana nawe, na nawaambia hivyo kila siku; wenye kununa na wanune. Nani mwingine alishinda na dhahabu ya watu mikononi, asiibe hata chembe?

Chumba chako kilikuwa nyuma ya duka la tajiri, mjini, dirisha limefungwa upepo usije ukapeperusha mali. Dhahabu ililetwa kutoka machimboni imeshikana na zebaki. Wewe ulikuwa ukiichoma mpaka zebaki ipae mvuke, dhahabu ibaki. Mvuke ulikuwa ukiuvuta wewe.

Mwaka wa tatu ukaanza kumwaga chai. Fizi zikavimba. Mpole kama wewe, ukawa unalia kwa neno dogo. Jirani yetu Mwajuma akaniuliza kisimani, "Shoga, mwanao mbona anatetemeka kama mlevi?"

"Uzito wa dhahabu huo. Nyie wauza mihogo mtaujulia wapi?"

Wanawake wakacheka. Nikarudi na ndoo yangu kichwani, nimeshinda.

Daktari wa serikali akakupa chupa, umpelekee mkojo wa asubuhi aupime kama una zebaki. "Ikionekana, mama, tajiri atanitoa motoni, anipe kazi ya mlangoni." Ulivyofurahi! Ukaijaza, ukanipa niipeleke, ukakimbilia kazini.

Mie nikaguna. Mwanangu bawabu? Halafu mkojo, Salumu! Sie tunafukia hata kucha za mtoto, asije mwenye husuda akazichezea. Nimpe mtu nisiyemjua maji ya mwili wa mwanangu wa pekee, na mtaa mzima unakuonea kijicho?

Nikaumwaga wako chooni, nikajaza wangu. Nikavaa kanga mpya, nikaipeleka chupa.

Majibu yakaja: hakuna zebaki. Nikatangaza barazani, "Mwanangu safi!" Tajiri naye akakwambia mbele ya wenzio, "Mlevi wewe, unaisingizia kazi." Wewe, usiyepata kuonja hata tembo la mnazi!

Ukaja ukakaa mkekani. "Basi, mama, ni mimi tu. Akili yangu ndiyo mbovu."

Nikakulisha wali kwa mkono wangu, maana tonge lilikuwa linakuponyoka. Neno lilinifika ulimini. Mwajuma alikuwa nje ya dirisha, anasikiliza. Nikalimeza.

"Jikaze, baba," nikakwambia.

Ukarudi motoni. Hukumaliza mwaka.

Siku ya tatu ya matanga daktari alikuja. "Pole, mama. Ningeiona zebaki kwenye ile chupa, ningemtoa mle kwa nguvu." Nikamwitikia, "Ahsante, bwana." Watu wakanisifu jinsi nilivyo na subira.

Bado wananisifu. Nachota maji mwenyewe, miwa naimenya kwa meno. Wanasema Mungu kanipenda. Mie najua tu kwamba yule daktari hakukosea kupima.

Radhi hutoka kwa mzazi ikashuka kwa mtoto. Mie nakuomba wewe, mwanangu, wala sijui kama huwa inapanda.

Lala.

Mama yako,
aliyepimwa.