Nyungunyungu wa Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kumi na moja ndani. Mama mkwe kaziba madirisha yote kwa karatasi ya gundi, eti upepo usije ukaniingia mifupani kabla mwezi wa mzazi kukaa ndani haujaisha. Nywele sijaosha tangu nijifungue. Nanuka tangawizi na supu ya kuku mweusi. Jianbo kapiga simu kutoka kazini Xinjiang: vumilia mke wangu, mwezi si mwaka. Rahisi kusema ukiwa unatembea nje!

Mishipa ya mguu wa kushoto imevimba na kujisokota toka goti hadi kifundo. Mama mkwe anaiita nyungunyungu. Anacheka: hata mimi ninao wangu, tutawafuga pamoja.

Jumanne, 5 Machi

Mama kaenda kwa Daktari Geng, kule soko la mitishamba. Karudi na mafurushi saba. Maua mekundu, mizizi ya danggui ya kuchochea damu, magome nisiyoyajua. Nusu ya kunywa, nusu ya kuloweka miguu. Kisha kanikanda kwa pombe ya dawa, kwa nguvu. Ana mikono mizuri, Mama. Nikasinzia hapo hapo.

Alhamisi, 7 Machi

Damu ya uzazi ilikuwa inapungua. Leo imerudi — nyingi. Mama: uchafu huo unatoka, ndiyo kazi ya dawa. Mguu unauma ndani kabisa, nyuma ya goti. Nikasema niende hospitali mara moja tu, nirudi. Akashtuka kana kwamba nimesema nimtupe mtoto.

"Utoke? Na mwezi haujaisha? Ukizeeka magoti yamekufa, lawama za nani?"

Jumamosi, 9 Machi

Nimeokota karatasi ya furushi kwenye pipa la taka. Jina la mgonjwa: Qiu Meizhen. Umri: miaka sitini na moja. Huyo si mimi. Huyo ni Mama!

Nikamuuliza. Wala hakuona haya. Daktari hatoi dawa bila kushika mkono asikilize mapigo, mimi sitoki, basi akampa wa kwake.

"Si tunakula sufuria moja? Si nyungunyungu ni wale wale?"

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Halafu nikaogopa. Siku tano nakunywa dawa ya kuchochea damu ya bibi mzima, na mimi bado navuja.

Jumapili, 10 Machi

Mguu wa kushoto umenenepa kuliko wa kulia. Mwekundu. Wa moto. Nimempigia Daktari Geng mwenyewe, spika wazi, Mama asikie. Nikamweleza yote. Akauliza: umevimba mmoja au yote miwili? Mmoja. Akapandisha sauti — asiukande tena! Huenda damu imeganda, ikisafiri itafika kifuani. Dawa zangu acha. Hospitali, sasa hivi!

Mama kasikia kila neno.

Nimeita gari, litafika baada ya dakika tisa. Koti nimevaa, kofia mbili nimevaa, mtoto nimemfunga. Viatu sivioni. Kumbe Mama kavikumbatia, kaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango. Namwomba. Namwomba tena. Mguu haunibebi, nimerudi kukaa kitandani, naandika ili nisipige kelele. Naogopa kufa humu ndani. Zimebaki dakika nne.

Hanifokei. Analia.

"Mimi nilipomzaa Jianbo nilitoka siku ya nane," anasema. "Ngano ilikuwa imeiva shambani. Hakuna hata mmoja aliyenizuia."