Nta Nyeusi

Chuoni, Dodoma
Alhamisi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na nyuki wamerudi kwenye mizinga ya mlimani? Mama naye mfikishie shikamoo yake. Mimi mwili ni mzima. Barua hii nampa Shaaban, kondakta wa basi la Kondoa, akukabidhi mkononi. Jana nilikupigia simu mara mbili kukueleza jambo, na mara zote mbili niliishia kukuuliza habari za mvua.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini hasa huku, nikakujibu juu juu. Tunajaribu injini isiyo na feni wala pistoni. Ndani yake kuna kipande kinene cha nta kilichotobolewa katikati. Hewa inapita kwa kasi kwenye tundu hilo, na nta inawaka kutoka ndani. Mimi niliweka mdomoni mwa tundu hilo mabapa ya bati niliyoyapinda, ili hewa iingie ikizunguka kama vile vimbunga vya vumbi vinavyokatiza mashamba yetu mwezi wa tisa. Nilisema hewa ikizunguka, nta itawaka upesi zaidi. Kweli ikawaka upesi, karibu mara mbili! Dakta Bartolomayo, msimamizi wangu, alipiga makofi peke yake.

Tangu hapo sina raha. Dakta ameshawaambia wakubwa wake, na Jumanne nasimama mbele yao ili wanipitishe kwenda kusoma ng'ambo. Mama kaniambia umeshatangaza msikitini na beberu wa sherehe umeshamfunga. Kila ninayekutana naye ananipongeza, nami nacheka kama mjinga. Siku hizi najifungia kutwa kwenye chumba cha majaribio, chenye dirisha moja la nondo, nikijifanya nasoma vipimo. Nimebanwa, Baba. Nikisema naharibu, nikinyamaza naharibu zaidi.

Kasirika ukitaka, lakini usome hadi mwisho. Nta nyeupe ya dukani niliimaliza kwenye majaribio ya hewa iliyonyooka, bila mabapa. Siku ya kujaribu hewa ya kuzunguka nikayeyusha nta yako, ile uliyonipa nimpelekee fundi viatu. Unajua tunavyofanya nyumbani: masega tunayakamulia kwenye gunia, masizi ya moshi wa kufukuzia nyuki yanabaki humo humo, nta inatoka nyeusi. Kwetu nta ni nta, na mimi na shule yangu yote nikafikiri hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye nikasoma kwamba masizi huifanya nta inywe joto na kuisha haraka. Nikafunga kitabu. Kisha nikaandika kwenye ripoti kwamba nta yote ilikuwa ya aina moja. Kuyeyusha kulikuwa kosa. Kuandika vile ni uongo, na nimeufanya mimi binti yako.

Sijui kilichofanya kazi ni mabapa yangu au ni nta yako. Njia ya kujua ni moja tu, niichome nta yako kwa hewa iliyonyooka. Tafadhali mpe Shaaban mabonge matatu, yale meusi kabisa, yanifikie Jumamosi. Nitamweleza Dakta kila kitu kwanza, halafu nitayachoma mbele yake.

Na yule beberu, Baba, mfungue kamba akale majani.

Nisalimie shangazi Mishi na majirani wote waliofurahi kwa ajili yangu. Uniombee.

Mwanao akupendaye,
Ikram